Bei za Ramadhan: muuzaji ana lake na sisi wanunuzi tuna letu

Dada mmoja wa Fuoni, hapa kwetu Unguja, Zanzibar, kaniandikia hivi: "Assalaam alaykum mwalimu. Kila mwaka Shaaban ikiingia kumi la mwisho bei zinaruka, ndizi, mihogo, nazi, samaki, mpaka unga na sukari. Mume wangu anasema ni sisi wenyewe tunavyovamia soko, mimi nasema ni tamaa ya wafanyabiashara. Nani mkweli? Na kwa nini baada ya sikukuu vyengine vinashuka na vyengine havishuki tena? Halafu mimi mwenyewe Ramadhan nauza sambusa na kachori hapa barazani kwangu, nipandishe bei au niwache vile vile, mana wateja ndo majirani zangu."

Waalaykum salaam warahmatullah dada yangu, Mwenyezi Mungu akubarikie biashara yako. Swali lako nimelipenda kwa sababu wewe asubuhi ni mnunuzi na jioni ni muuzaji, na watu wengi wanaogombana kuhusu bei wamekaa upande mmoja tu. Nitajibu kwa urefu, jibu la mkato hapa litamdhulumu mtu, ama mwenye genge ama wewe.

Msimamo wangu nauweka mapema. Wewe na mume wako nyote mmesema kweli, lakini si kwa bidhaa zile zile. Mume wako kapatia kwenye ndizi, mihogo, majimbi, nazi na samaki. Wewe umepatia zaidi kwenye sukari, unga wa ngano, mchele na mafuta ya kula. Kitu kinachooza na kitu kinachokaa ghalani havipandi bei kwa sababu moja, na tukivichanganya tunamtukana mchuuzi wa kibandani kwa kosa la mtu mwengine kabisa, na mwenye kosa lake anapita salama salimini.

Tuanze na ndizi. Hebu fikiria mnada wa asubuhi, imeshuka mikungu 10 ya mkono wa tembe siku ya kawaida tu ya Rajab na wachuuzi waliosimama ni 8. Dalali anaita bei, hakuna anayeongeza sana kwa sababu kila mmoja anajua atapata, na miwili itabaki mpaka ishushwe. Sasa chukua mikungu ile ile 10 siku mbili kabla ya kufunga, waliosimama ni 25. Hapo watu 15 lazima warudi mikono mitupu, hakuna njia nyengine, kwa sababu mgomba mpaka utoe mkungu wa kukata ni miezi 9 mpaka mwaka na muhogo ni kiasi hicho hicho, mkulima hawezi kuongeza mzigo wiki hii eti kwa kuwa wiki hii tunahitaji. Basi bei inapanda, inapanda, mpaka wale 15 mmoja mmoja waseme hii siiwezi. Inasimama pale alipochoka mtu wa 11. Dalali hakuipanga ile bei, mkulima aliyeleta mkungu hakuipanga, imepangwa na hamu na mifuko ya wale waliokuwa wanashindana, na wale wanashindana kwa sababu wanajua mimi na wewe tutakwenda kununua jioni kwa bei yoyote.

Hapo kwenye "bei yoyote" ndo penye mzizi wa jambo. Uhitaji unaopandisha bei si ule wa kula sana tu, ni kutaka kitu kimoja, siku moja, saa moja, na kutokubali badala yake. Sisi futari bila ya ndizi au muhogo wa nazi tunaiona haijakamilika, mgeni akija tunaona haya. Kama nusu ya wale 25 majumbani kwao wangeridhika na boga, au mbatata, au shelisheli likiwa kwenye msimu wake, wangeondoka mnadani mapema na bei ingesimama chini. Ndo mana utaona vitu ambavyo tunavibadilisha kirahisi, mchicha leo kesho matembele, havipandi kwa kasi ile ya ndizi hata Ramadhan.

Halafu angalia tunavyolundika yote kwenye wiki moja. Kuna kuvunja jungu, watu wanatoka kwenda mashamba na ufukweni wanapika na kula kabla ya mwezi kuandama, hiyo peke yake ni mapishi ya sikukuu. Kuna pesa zinazotumwa na ndugu walioko Oman, Dubai na Uingereza, nyingi zinaingia siku zile zile. Kuna mshahara, ukiangukia karibu na mwandamo ndo basi tena. Na kuna sadaka za futari, hili nalisema kwa mapenzi na naomba lisichukuliwe vibaya, mtu mwenye uwezo au taasisi inanunua mchele, unga, sukari na tende za familia mia kwa mpigo siku tatu kabla ya kufunga, wale mia wanapata na Mungu atawalipa waliotoa, lakini maelfu ambao hawamo kwenye orodha wanakuta duka la jumla limepungua na bei imesogea. Sadaka ile ile ingenunuliwa Rajab, au ingetolewa pesa taslimu mapema mwenye shida akanunua kwa wakati wake, ingelisha watu wengi zaidi kwa shilingi zile zile. Natamani sana viongozi wa misikiti yetu walizungumze hili.

Sasa mwenye genge. Yeye kanunua mnadani kwa bei ya mtu wa 11, kalipa gari, na anajua sehemu ya mzigo itamuozea. Hana pa kukimbilia. Anachofanya mara nyingi hapandishi bei kwa mdomo, anapunguza fungu. Fungu la tungule lililokuwa na sita sasa lina nne kwa pesa ile ile, na watu hawahesabu, lakini nne badala ya sita maana yake kila tungule moja imepanda asilimia 50. Anafanya hivo kwa sababu anajua sisi tunakuja na noti mkononi tumeshaigawa kichwani, hii ya tungule hii ya ndimu hii ya thomu, na noti ikigoma kutosha tunaondoka. Dawa yake ni ndogo tu, ukifika uliza ngapi kilo, si ngapi fungu, hata kama utaishia kununua fungu. Angalau utaweza kulinganisha la leo na la wiki iliyopita, na la huyu na la yule.

Nikupe na mfano wa mbali, kwa sababu unatuonesha kwamba bei kupanda wakati wa uhitaji mkubwa si amri ya maumbile. Wachumi watatu wa Marekani, Judith Chevalier, Anil Kashyap na Peter Rossi, walichukua data za mauzo za supamaketi za mji wa Chicago, utafiti wao ukatoka 2003. Wakaangalia samaki wa kopo wakati wa Kwaresma, siku ambazo Wakatoliki wengi wanajizuia na nyama, kwa hiyo samaki wa kopo anatafutwa kweli kweli. Wakakuta bei inashuka. Inashuka! Kwa sababu kila duka linajua wateja msimu ule wanaulizia samaki, basi linamtangaza kwa bei ya chini ili mtu aingie, akishaingia atanunua na mkate na mafuta na sabuni. Na kopo halikuwa tatizo, limekaa stoo tangu miezi nyuma.

Hapo kuna masharti mawili, kwanza kitu kiweze kuwekwa akiba, pili wauzaji wawe wengi na wagombanie mteja kwa kutangaza bei waziwazi. Ndizi zetu hazina sharti la kwanza. Lakini sukari, unga, mchele, mafuta, tende, maziwa ya unga, hivi vyote sharti la kwanza vinalo! Ramadhan haimshtukizi mtu, mwaka wa Kiislamu una siku 354, kwa hiyo kila mwaka mwezi unarudi nyuma siku kama 11, kila muagizaji anajua mwakani utaingia lini kwa kukosea siku moja tu. Kontena anaweza kuliagiza mapema. Kwa hiyo mtu akinambia polo la mchele, yaani gunia, limepanda kwa sababu ya uhitaji wa Ramadhan, mimi siridhiki. Hapo ndo nakuja upande wako dada.

Isipokuwa nikutahadharishe, si kila kupanda kwa bidhaa ya ghalani ni tamaa. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilianza Februari, Machi bei za chakula duniani zikafika juu kuliko wakati wowote tangu FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, waanze kuzipima, na Ramadhan yetu ikaingia mwanzo wa Aprili. Urusi na Ukraine ni wauzaji wakubwa wa ngano, na ngano yetu sisi ni ya kuagiza. Mwenye bekari hapo alikuwa na kosa gani, ama apandishe boflo ama alipunguze. Na mafuta ya meli yakipanda, au shilingi ikiteremka mbele ya dola, kisiwa kinaona mwanzo, na Pemba inaona zaidi kwa sababu mzigo mwingi wa dukani unashushwa Unguja kwanza halafu unapandishwa chombo tena, kila kupakia na kupakua kuna gharama yake.

Basi utajuaje hii ni gharama au ni mzigo umefichwa? Mimi naangalia mambo machache. Kama bei imepanda na bara pia, kwa kiasi kinachofanana, mara nyingi ni gharama. Kama hapa imepanda na Dar es Salaam imetulia, uliza. Kama duka la jumla lilikwambia hakuna mzigo, halafu baada ya siku mbili mzigo upo, na ni ule ule wa magunia ya zamani, kwa bei mpya, hapo kuna mtu alikuwa anasubiri. Na kama waagizaji wa bidhaa hiyo ni wachache sana na wote wamepandisha wiki moja kwa kiasi kimoja, hapo pana haja ya kuchunguzwa. Tuna Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, kazi yake ni hiyo, peleka malalamiko na risiti, tarehe na jina la duka, si maneno matupu ya mitandaoni. Mwenye duka la mtaani kwako usimpeleke yeye, huyu ananunua jumla kama wewe unavyonunua kwake, na huenda ndiye anayekuandikia kwenye daftari mwezi ukiwa mbaya.

Na hapo hapo ndo utaona bei elekezi, ile ya serikali kusema kitu kisiuzwe zaidi ya kiasi fulani, inafaa wapi. Kwa sukari na mchele inaweza kusaidia, mana kuna faida ya ziada ya kukatwa na kuna watu wachache wa kuwasimamia. Kwa ndizi haiwezi. Ukitangaza mkungu usizidi bei fulani, bado mikungu ni 10 na watu ni 25, tofauti ni kwamba sasa atakayepata ni anayejuana na dalali, na mkulima aliyekuwa anafikiria kukata mikungu yake akaivusha kutoka Pemba anaona haimlipi kulipia chombo. Bei ya juu inaumiza, naijua inavyoumiza, lakini kwa vitu vya shamba ndo hiyo hiyo inayouita mzigo uje.

Kuhusu kushuka. Ndizi na samaki zinashuka Shawwal wala humuombi mtu, kwa sababu mchuuzi akishikilia zinamuozea. Unga na mafuta hayamshurutishi. Mchumi mmoja, Robert Bacon, aliandika 1991 kuhusu petroli ya Uingereza, akaonesha kwamba gharama ikipanda bei ya pampu inapanda upesi, gharama ikishuka bei inashuka pole pole. Limekuja kuonekana kwenye bidhaa nyingi tangu hapo. Na sababu mojawapo ipo kwetu wanunuzi, bei ikipanda tunakasirika, tunazunguka maduka matatu manne tunauliza, bei ikitulia tunarudi duka la karibu hatuulizi tena, na muuzaji asiyeulizwa hana haraka ya kushusha. Petroli yetu hapa angalau ZURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji Zanzibar, wanatangaza kila mwezi, ikipanda utajua, ikishuka utajua. Sukari haina wa kuitangaza hivo, mtangazaji ni wewe. Kwa hiyo wakati wa kuuliza bei na kulinganisha ni Shawwal na Mfungo Pili, watu walipochoka na hawana hamu ya kuuliza. Kwenye makundi yenu ya WhatsApp ya mtaa wekeni bei mlizozikuta, duka gani, kilo ngapi, kila Jumamosi. Kazi ya dakika tano na inafanya zaidi ya kulalamika.

Kuna jambo nataka watu walione mapema, nalo hili la mwezi kurudi nyuma siku 11. Uhitaji wa Ramadhan ni ule ule lakini msimu unabadilika. Miaka ya 2016 na 2017 tulifunga Juni, ndani ya kusi, bahari imechafuka, vyombo vidogo vinakaa, samaki kidogo. 2022 na 2023 tuliangukia kwenye masika, na Aprili na Mei wageni ni wachache hotelini. Sasa tunaingia Februari, halafu Januari, na mwaka 2030 Ramadhan itaingia mara mbili, Januari na tena mwisho wa Disemba. Ni kaskazi, bahari kwa jumla nzuri zaidi kwa wavuvi wetu wengi, na maembe yapo kuanzia Novemba hivi, hiyo kheri. Lakini Disemba mpaka Februari ndo hoteli za Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani zimejaa. Watalii walioingia Zanzibar 2024 walikuwa zaidi ya laki 7, na sisi wenyeji kwa sensa ya 2022 ni 1,889,773. Hawaji wote siku moja na hawakai mwaka mzima, ila mnunuzi wa hoteli anayesimama mnadani Malindi, hapa mjini Unguja, kutafuta jodari, pweza na nguru ana mfuko ambao mimi na wewe hatuna. Ramadhan zijazo yule mtu wa 11 anaweza kuwa ni hoteli. Ndo mana nasema tusing'ang'anie samaki wanaotakiwa na hoteli, vibua na dagaa ni chakula kizuri mno na hoteli hazivigombanii sana.

Ndugu zetu wa Pemba wao wanayaona haya hata nje ya Ramadhan, msimu wa karafuu. Bei ya karafuu inajulikana, ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, ndo wanunuzi, mtu akishapima keshajua ana kiasi gani, na pesa zinaingia kwa watu wengi wiki zile zile. Wanaotaka mabati na saruji wanaongezeka, harusi zinapangwa, Wete na Konde maduka yanachangamka. Tofauti ni kwamba mabati yanaweza kuletwa na chombo kijacho, kwa hiyo mwenye kuvumilia wiki tatu mara nyingi anapata bei nafuu kuliko aliyekimbilia dukani siku aliyolipwa.

Sasa wewe nyumbani kwako ufanye nini. Tende, sukari, unga, mchele, mafuta, thomu, tambi, nunua Rajab au mwanzo wa Shaaban, kidogo kidogo kila wiki, usingoje kumi la mwisho. Na usinunue kwa hofu ukajaza nyumba, mana sote tukihamisha fujo kutoka Shaaban kwenda Rajab tumehamisha siku tu, bei itatufuata huko huko. Najua utasema pesa ya kununua mapema iko wapi, na hilo ndo la kweli zaidi kuliko yote. Mjerumani mmoja, Ernst Engel, tangu 1857 alionesha kwamba familia kadri inavyokuwa na kipato kidogo ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato inavyokwenda kwenye chakula. Ndo huyo huyo anayenunua robo ya sukari na mafuta ya kupima kila siku, na ukijumlisha kila kilo anailipia bei kubwa kuliko tajiri aliyechukua polo zima. Inaniuma sana hii. Njia ninayoiona inafanya kazi mitaani kwetu ni mchezo. Majirani watano au sita mnaoaminiana, mnaanza mchezo mdogo baada ya Maulidi, pesa mnazigawa Rajab badala ya kila mtu kwa zamu yake, mnanunua polo la mchele na dumu la mafuta pamoja mnapima. Anayekuwa na mzani ndo anapima, wote wapo.

Vya kuoza, jitahidi usiwe kwenye zile siku mbili za mwanzo. Futari ya siku ya kwanza na ya pili ndo ghali kuliko zote, likishaingia kumi la kati watu wamepoa na mnada unapoa. Nazi ukiwa na friji kuna watu wanakuna wanaweka, samaki vile vile. Mchele wa zakatul fitri, hii pishi moja kwa kila kichwa, utenge tangu Rajab pamoja na mchele wako, kwa sababu usiku wa mwisho kila nyumba inataka kilo kadhaa na maduka yanajua.

Nguo za sikukuu nizungumze kidogo, hukuniuliza lakini najua una watoto. Sokoni Darajani bei haikuandikwa, muuzaji anakusoma. Mama anayeingia usiku wa ishirini na tisa na watoto wanne wamemshika baibui hana nafasi ya kuondoka dukani, na muuzaji anaijua hiyo kabla hujafungua mdomo. Kuweza kuondoka ndo nguvu yote ya mnunuzi. Nenda kumi la kwanza, mchana, bila ya watoto, na vipimo vyao kwenye karatasi.

Nimekuja kwenye sambusa zako. Nitatumia hesabu ya kubuni, wewe weka zako. Tuseme unapika 100, unauza 500 moja, na gharama zote, unga, nyama, vitunguu, mafuta, gesi, zilikuwa 30,000. Ukiuza zote unapata 50,000, faida 20,000. Ramadhan gharama zimepanda zimefika 35,000, faida imebaki 15,000, unaona bora uuze 600. Ukiuza zote 100 kwa 600 ni 60,000, faida 25,000, vizuri. Lakini zikibaki 17 tu, umeuza 83, umepata 49,800, na hapo umepata chini ya zile 50,000 za kuuza zote kwa 500. Kwa hiyo swali lako si gharama zimepanda kiasi gani, swali ni kwamba kwa mia moja hiyo ya kuongeza, majirani watapunguza ngapi. Na kwa sambusa nakwambia watapunguza, mana kila baraza la pili Ramadhan linauza sambusa na bei yake kila mtoto aliyetumwa anaijua.

Kwa hiyo sambusa iwache 500 kama unaweza, na usiipunguze ukubwa, hawa ni majirani zako wataona. Fanya kama lile duka la samaki wa kopo, sambusa ndo imlete mtu, faida itafute kwenye vile ambavyo wenzako hawauzi, kachori za mbatata na katlesi zako, tena mbatata zinakaa usizinunue kumi la mwisho la Shaaban. Nusu saa kabla ya Maghrib utauza chochote, adhana ikilia huuzi kitu mpaka watu watoke tarawehe, kwa hiyo usipike kwa kukisia. Chukua oda za majirani kila usiku kwa ajili ya kesho, jumlisha, ongeza ishirini hivi za wapita njia, pika hizo tu. Na muuza nyama wako mwambie kiasi chako cha kila wiki mwanzo wa Shaaban na umlipe sehemu, akubali bei moja ya mwezi mzima, wengi wao wanakubali kwa mteja asiyekosa. Ukishaipata hiyo bei kaa na daftari uirudie hesabu hii kwa namba zako, na kama faida inatoka chini ya unachoweza kuishi nacho, hapo pandisha, lakini pandisha siku ya kwanza ya mwezi na uwaambie kwa nini, usipandishe katikati.